Mstari wa Shingo

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi mchoraji alikwenda kumchora dada yake, na kila mara dada mtu alilalamika. Alikuwa fundi cherehani, na kukaa mikono mitupu kulimwasha.

"Basi nishone huku unachora."

"Shona, dada. Ila kichwa usikitikise."

Picha zilikuwa za maonyesho: kumi na mbili, mtu mmoja, mwaka mmoja, penseli chini na rangi za maji juu. Hakuna turubai, hakuna rangi za mafuta. Msimamizi wa maonyesho alikuwa amemwambia, "Zamani karatasi ilikuwa ya kujaribia. Siku hizi karatasi ndiyo kazi yenyewe."

Picha ya tisa ndiyo iliyomsumbua. Alichora taya, akashuka shingoni, mstari ukamtoka nje. Akafuta. Akachora tena, ukatoka palepale. Mara ya tatu karatasi ikaanza kuota manyoya kwa kusuguliwa.

"Leo mkono hauna adabu," alisema.

"Mkono au macho? Jana ulilala kweli wewe?"

Akacheka, akalowesha brashi. Rangi ya maji haina msamaha. Karatasi ikishainywa, imekunywa. Alipoweka kivuli chini ya taya, kilikaa upande wa kushoto kama alama ya kidole gumba, na hapakuwa na namna ya kukiondoa.

Nyumbani alibandika picha ya kwanza kwenye kioo cha dirisha, akaweka ya tisa juu yake, mwanga ukapenya zote mbili. Pua ilikaa juu ya pua, sikio juu ya sikio. Shingo ikakataa. Akajaribu ya sita: shingo ilizidi kidogo. Ya saba: zaidi. Ya nane ilikuwa sawa kabisa, na hapo ndipo alipokumbuka. Mwezi ule mstari ulitoka nje vilevile, naye akaurudisha ndani ili dada apendeze. Alikuwa ameona, akasahihisha.

Siku tano alibaki nalo moyoni. Aliandika ujumbe, akaufuta. Akaandika mwingine, akaufuta. Alijiambia ni mwanga, ni unene, ni penseli butu. Siku ya sita alipiga moyo konde, akakusanya karatasi zake, akaenda.

Dada alizitazama zikiwa zimepangwa juu ya meza ya kukatia nguo, akacheka. "Umeninenepesha."

"Sijakunenepesha, dada. Tazama hapa. Halafu hapa."

Kicheko kikakatika. "Nina nguo za watu za kumaliza leo, wewe unaniletea uchuro? Tangu lini penseli ikapima wagonjwa?"

"Gusa tu, nakuomba."

"Sigusi."

"Dada."

Akagusa. Vidole vilivyozoea kutafuta sindano iliyopotea kwenye kitambaa vilitambaa shingoni, vikasimama. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Chakula kimekuwa kikinikwama. Nikadhani ni mafua."

Hospitalini daktari alimpapasa shingo, akaziangalia picha, akauliza kila moja ilichorwa lini. Wakachukua chembechembe kwa sindano. Majibu baada ya siku kumi.

Siku hizo kumi mchoraji hakushika brashi. Maji yalikauka kikombeni yakaacha duara la buluu. Msimamizi wa maonyesho alipiga simu kuuliza zile tatu zilizobaki. Akamjibu, "Nitakupigia," na hakupiga.

Majibu yalikuja: ni uvimbe wa saratani kwenye tezi ya shingo, lakini bado mdogo, haujasambaa. Utolewe haraka. Daktari hakuwaficha kwamba mshipa unaoendesha sauti unapita hapohapo, na kuukwepa ni kazi ya uangalifu mkubwa.

Siku ya upasuaji mchoraji alikaa kwenye benchi la korido roho juu, akisimama kila mlango ulipofunguliwa. Alipoitwa ndani, dada alikuwa amefungwa bandeji, macho wazi. Midomo ikacheza. Hakikutoka kitu. Mchoraji akainama, akatega sikio.

"Dada, niambie."

Midomo ikacheza tena, na safari hii kitu kikakwaruza: "Kiu."

Alitoka koridoni kumwita muuguzi, akaegemea ukuta, akalia mpaka muuguzi akadhani kuna msiba.

Maonyesho yalifunguliwa kwa picha tisa. Ya nane aliitundika na uongo wake. Dada hakwenda. "Nikatazame shingo yangu ya zamani ya nini?" alisema kwa sauti iliyobaki nzito kidogo, akaendelea kushona.

Kila miezi mitatu dada anatakiwa kwenda kupimwa. Anakwenda mwenyewe, hataki kusindikizwa. Wiki hiyo mchoraji hali vizuri wala halali vizuri, na simu ikilia huiacha iite mara mbili kwanza, ndipo anyanyue.