Wavu wa Bertin na Miezi Minane

Mwaka ule wa vita ya pili nchini mwetu, mwalimu wa darasa la sita hapa Baraka, kando ya ziwa, alilipwa mihogo. Mwalimu huyo ni mimi, Rosette, na mihogo yenyewe nilikuwa naenda kuichimba mwenyewe. Kilichotulisha ni wavu wa ndagala, dagaa wa ziwa letu, wa mume wangu Bertin, alioununua kwa dola mia za kukopa kwa papa Casimir, mwenye duka. Sasa Casimir alituma neno: mtaji mia, faida arobaini na nane, zote Jumamosi, la sivyo anachukua wavu. Sisi tulikuwa na mia moja thelathini na sita tu.

"Achukue," Bertin alisema. "Mi nitaenda Misisi, kuchimba zahabu."

Alisema kama mtu anayekwenda kuoga. Wanaume watatu wa mtaa wetu walikwenda Misisi: mmoja shimo lilimfunika, wawili hatujui walipo. Niliogopa, na mimi nikiogopa hukasirika, na nikikasirika huchukua chaki.

Faida ni mtaji mara asilimia mara miezi, gawa kwa mia. Wanafunzi wangu huiimba. Lakini faida ilikuwa imeshatajwa. Mimi nilitaka kujua asilimia. Basi niliigeuza: faida mara mia, gawa kwa mtaji mara miezi. Nilimuuliza Bertin ni miezi mingapi. Sita, alisema, na mume wangu hana ndimi mbili. Ikatoka nane kwa mia kila mwezi, nao walipatana sita kwa mia.

"Casimir iko mwizi," nilisema.

Jumamosi tuliubeba wavu na pesa zetu hadi dukani, nami nikalisema neno hilo mbele ya wateja. Casimir aliweka chini kikombe cha kupimia chumvi.

"Madame, mi nilisemaka sita. Sita tu. Batoto yangu bawili biko kwa masomo yako. Naweza kukudanganya hesabu?"

Hakupaza sauti, na hiyo ndiyo iliyonitia haya. Hasira hasara. Hesabu hii ina ubaya wake: inakupa jibu moja, mengine yote lazima umwamini mtu. Niliomba kibao, nikaiamini sita yake, nikaigeuza tena ili nitafute miezi. Ikatoka minane.

"Papa Casimir, unahesabu miezi munane?"

"Tangu mwezi ya sita mupaka hii ya pili. Munane."

"Na mbalamwezi?" Bertin akauliza.

"Mbalamwezi inaingia wapi?"

Hapo tukatazamana. Casimir ni mtu wa Kilembwe, bara huko kwenye mashamba. Sisi wa ziwani tunajua kwamba mwezi ukiangaza sana ndagala hawaifuati taa ya mtumbwi, wavuvi wanalala juma zima kila mwezi, na deni la wavu nalo linalala, halizai faida. Katika miezi minne, mmoja hauhesabiwi. Mimi na Bertin tumezaliwa katika desturi hiyo, haikutupitia akilini kwamba kuna asiyeijua. Ukitoa miwili katika minane, inabaki sita.

Bertin alimweleza. Casimir hakusadiki, alimwita Georgette, anayeuza ndagala mlangoni.

"Mama, deni ya wavu inalala wakati ya mbalamwezi?"

"Inalala," alisema Georgette, bila kuinua kichwa.

"Na bote banajua?"

"Bote."

"Isipokuwa mi," Casimir alisema, akaanza kucheka mwenyewe. Alihesabu pesa zetu, mia na thelathini na sita, akasema deni limekwisha. Nilimwomba radhi mbele ya wateja wale wale. Alisema Jumatatu niwafundishe watoto wake hesabu hiyo na mbalamwezi yake.

Njiani tulishika wavu huku na huku. Nilikuwa na furaha hata nikaanza kuimba, na tulipopita kanisa Bertin akaniita kwa jina la mtoto wetu.

"Mama Aline, kama hesabu ingekataa?"

"Ningekwambia usiende Misisi. Ningekwambia ubaki hapa, tukule mihogo."

Alisimama, wavu ukasimama naye.

"Basi juu ya nini haukuniambia tangu mwanzo? Ningebaki."

Nilimwambia pale pale, barabarani, watu wakipita: baki.