Herufi a Tatu za Kioo cha Mshonaji

Siku Mjomba Brashi alipoambiwa kwamba mwandiko wake ni fonti, alikasirika mpaka paka wa jirani akahama, na hajarudi hadi leo.

Miaka thelathini na miwili aliandika mabango ya mtaa mzima kwa brashi na mkono wake tu. Wakaja wenye mashine, mabango yake yakang'olewa moja baada ya jingine, likabaki moja tu: maneno Nguo Hushonwa Hapa kwenye kioo cha mbele ya duka la mama mshonaji. Wiki hiyo kioo nacho kikapasuka. Mshonaji akaweka kipya, kisha akampelekea picha ya kile cha zamani mpwa wa Brashi, mwenye duka la stika, akitaka maneno yaleyale kwa mwandiko uleule.

"Mjomba, nimeshaipata," mpwa alisema, macho kwenye kompyuta. "Programu inasema picha inafanana na fonti hii kwa asilimia tisini na moja."

"Hizo tisa zilizobaki ndizo mimi."

"Nani atazitazama?"

"Tazama wewe. Pale pana a tatu. Zangu, kila moja ina mkia wake. Hizo zako ni mapacha waliovalishwa sare."

"Mteja anasubiri, Mjomba. Kaa unywe chai."

Hakukaa. Alisimama nyuma ya kiti cha mpwa wake akifoka kama birika, na mpwa, ili amalize upesi, akabonyeza kitufe cha kukata. Hapo akakosea. Herufi za mwandiko wa kuunga hulaliana mikia. Usipoziyeyusha kwanza kwenye kompyuta ziwe umbo moja, kisu cha mashine huizunguka kila moja peke yake, kikapita hata pale zilipopandana. Alipoanza kubandua mabaki, g ikaondoka na shavu la u, w ikaacha mguu kwa jirani. Mezani vikabaki vipande kama kucha zilizokatwa.

"Umemchinja mshonaji wa watu," mjomba alisema.

"Basi andika wewe. Unajua kila kitu, andika."

Akaandika. Alipekua kabati akatoa brashi, akatandika karatasi, akajaza maneno yote matatu kwa pumzi moja. Lakini mkono wake ulikuwa umeanza kutetemeka tangu mwaka juzi, na kompyuta haina haya: mpwa alipoiingizia picha ya karatasi, ilifuata kila mtetemo, ukingo wa herufi ukajaa nukta kama upele. Brashi aliziona. Aliuchukia ule mkono, akautia mfukoni kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Unganisha, kata, usiguse kingine," alisema, akatangulia kwa mshonaji.

Mpwa alikuja na stika imekunjwa, wakaibandika kwenye kioo, wakaisugua, wakaondoa karatasi ya juu iliyozishika herufi. Mama mshonaji akapiga makofi. Mjomba akasogeza pua mpaka kioo kikafanya ukungu.

"Hii umeipiga pasi."

"Nimefuta nukta chache tu, Mjomba. Nilitaka kukusitiri."

"Kunisitiri na nani? Hawa walioniona nikiandika kabla hujaota meno? Mkono unatetemeka, ndiyo, unatetemeka. Ni wangu. Huyu uliyemweka hapa simjui, na sitaki anisalimie kila nikipita."

Akaingiza ukucha chini ya mkia wa a ya mwisho, akavuta. Maneno yote yakatoka kwa mpigo mmoja, maana safari hii yalikuwa yameunganishwa vizuri.

"Mzee, hicho kioo changu ni kipya," mshonaji alisema kwa woga.

"Kitabaki kipya, mama. Tunarudi sasa hivi."

Walirudi dukani kila mmoja upande wake wa barabara, kama wasiojuana. Mpwa alifungua mwandiko wa mjomba kama ulivyoingia mwanzo, akaziunganisha herufi kwa kugonga vitufe utadhani anaua siafu, lakini hakufuta hata nukta moja. Kisu kilikwenda polepole, kikilia krr kwenye kila mtetemo. Zile a tatu zikatoka, ya kwanza imeinama, ya pili imechutama, ya mwisho inayumba kama mtu anayeshuka ngazi gizani.

"Sasa umeridhika?" aliuliza, akiwa bado amenuna.

"Bado," mjomba alisema, naye amenuna vilevile. Akautoa mkono mfukoni, akashika ncha ya pili ya karatasi ya stika ili isijikunje.