Mjane Mwenye Mume

"Kwa masikitiko makubwa," Fundi alianza kwa sauti ya mtangazaji wa redio, "familia inatangaza kifo cha mpendwa wao, fundi cherehani mashuhuri, kilichotokea juu ya mfuko wa kitambaa cha bluu."

"Acha kujichuria," mkewe alimwambia bila kuinua macho. "Na usikaze uzi namna hiyo, utakata mkanda."

Chai ilikuwa bado haijachemka. Fundi alikuwa ameketi kitandani, rundo la mifuko ya vitambaa upande mmoja na vikaratasi upande wa pili, akifunga kikaratasi kimoja kwenye mkanda wa kila mfuko. Mkono wa kulia ulilala mapajani, haumsaidii mtu. Kazi yote ilikuwa ya mkono wa kushoto na meno. Kwenye kila kikaratasi kulikuwa na picha ya mkewe, ametabasamu kwa kadiri alivyoruhusiwa, na chini ya picha maneno haya: Mshonaji huyu ni mjane. Ukinunua mfuko huu unamrudishia tumaini. Biashara ya haki.

Basi marehemu mwenyewe ndiye aliyekuwa akijifunga, mfuko baada ya mfuko, na alikuwa na mzaha wa kutosha kwa kila mmoja. Mkewe alicheka siku za mwanzo. Siku hizi alikuwa akitafuta kitu cha kupangusa.

Mtaani, mwanamke huyo hakuwa na jina jingine ila Mke wa Fundi. Aliitwa hivyo na wauza maji, na mama mwenye nyumba, na watoto waliotumwa kuomba chumvi. Ina maana mtaa mzima ulijua kwamba mradi wa wajane wa kanisa una mjane mmoja mwenye mume. Mtaa ukafunika kombe. Kila nyumba ina lake, na leo kwako kesho kwangu.

Kiharusi kilimkamata Fundi mwaka juzi, akiwa anampima mteja suruali. Kabla ya hapo alishona sare za shule, makoti ya harusi, na majoho ya kwaya ya kanisa hilohilo, ambayo yanavaliwa mpaka leo kila Jumapili na hakuyatoza hata senti. Baada ya hapo mguu ukawa wa kuburuta, wateja wakahamia kwingine, na kibanda kikapata mpangaji mwenye mikono miwili. Cherehani ya miguu iliuzwa wakati wa hospitali. Ilibaki hii ya mkono, kuukuu, aliyokuwa akiwafundishia wanagenzi.

Aliyemwandikisha Mke wa Fundi kwenye mradi ni Katibu wa huduma kwa jamii, mwanamke mwenye moyo laini ambaye hajawahi kumpita mgonjwa bila kumsalimu. Duka la mjini lililonunua mifuko lilitaka wajane, kwa sababu wateja wa duka walitaka wajane. "Mume mgonjwa ni habari ndefu," Katibu alimweleza siku ile kwa upole, kalamu mkononi. "Watu wananunua wakiwa wamesimama, mama. Mjane ni neno moja, linaeleweka." Mke wa Fundi hakusema ndiyo wala hapana. Alinyamaza, na kimya chake kikaandikwa. Tangu hapo neno lile limesemwa na karatasi, limesemwa na Katibu, limesemwa na mchungaji kwenye matangazo ya ibada. Yeye mwenyewe hajalitoa kinywani hata mara moja, na hiyo ndiyo ilikuwa faraja yake.

Chai ilipochemka walikunywa, kisha wakaingia kazini kumalizia mifuko ya mwisho. Cherehani ya mkono huzungushwa kwa mpini ulio upande wa kulia wa mshonaji, na Fundi hakuwa tena na mkono wa kulia wa kuzungushia kitu. Kwa hiyo walikaa wakitazamana, cherehani katikati. Mke aliongoza kitambaa kwa mikono yote miwili. Fundi, kwa kuwa alikaa ng'ambo, alikuta mpini uko upande wa mkono wake mzima, akazungusha. Hawakuhitaji kusemeshana. Nyusi za mke zikipanda, yeye anapunguza mwendo. Wakifika kwenye kona anasimama mwenyewe, maana kona hizo alimfundisha yeye. Zilikuwapo siku walizogombana tangu alfajiri hawasemeshani, na mishono ya siku hizo ilinyooka vilevile.

Katibu aliingia akihema, hata hodi aliisahau. Kesho baada ya ibada ndiyo siku ya mauzo ya mradi, lakini wageni wa duka wamefika mapema, na wanataka kuona nyumba ya mshonaji mmoja, kumpiga picha akiwa kazini. Nyumba hii ndiyo iliyo karibu na kanisa, tena safi. Wakiridhika wataagiza mifuko ya mwaka mzima. Yote hayo aliyasema akimtazama mke. Kisha akaitazama sakafu.

"Kaka yangu," alimwambia Fundi, "naona hata aibu. Ungetoka kidogo tu. Wakiondoka unarudi."

Mke wa Fundi hakumtazama mumewe. Alitazama pakiti ya vidonge vya presha dirishani. Bei yake ilikuwa imepanda tena, na Fundi alikuwa na tabia mpya ya kukata kidonge kwa meno, nusu leo, nusu kesho, akidhani haonekani. Alionekana. Mifuko ya mwaka mzima maana yake ni vidonge vizima mwaka mzima. Hesabu hiyo haikuhitaji kalamu.

"Basi nizikeni kwa mshona viatu," Fundi alisema. "Kwake pana kivuli."

Wakaanza kumwondoa chumbani. Mke aliviokota viatu vya mumewe chini ya kitanda, akachukua wembe, mswaki, na shati lililoning'inia msumarini. Alilikunja shati na kulifukia kwenye beseni la nguo, na alipokuwa ameinama pale moyo ulimwuma vibaya, kwa sababu aliona anafanya kazi ambayo wakati wake haujafika. Akainuka, akamfunga mumewe vifungo vya shati alilovaa, akampa bakora yake.

"Ukiulizwa habari zangu lia kidogo," Fundi alimnong'oneza mlangoni. "Wasije wakadhani nilikuwa mume mbaya."

Wageni walikuwa wawili: mpiga picha asiyesema sana, na mama wa makamo, mnunuzi wa duka, aliyevua viatu mlangoni bila kuambiwa. Mke wa Fundi alikuwa amejiandaa kumchukia, akashindwa. Mama yule aliishika mifuko kama mtu anayejua kushika nguo, akaipindua kuangalia ndani, akasifu kona. Halafu akaketi kitandani, palepale alipokuwa ameketi Fundi, akamshika mkono.

"Mimi pia ni mjane," alisema. "Huu mwaka wa tatu. Wewe umewezaje?"

Katibu alianza kukagua dari. Mke wa Fundi alifungua mdomo, neno likagoma. Akasema tu kwamba anamshukuru Mungu, jibu ambalo halijawahi kumwangusha mtu.

Nje, muuza maji alikuwa akipita na mkokoteni wake. "Mke wa Fundi," aliita, "leo nikujazie ndoo?"

Akajibiwa kwamba maji yapo. Mnunuzi aliuliza kama Fundi ndiye yule mume, na Katibu, kwa haraka, akasema ndiye, alikuwa fundi mzuri sana, hata majoho ya kwaya aliyashona yeye. Katika yote aliyosema Katibu siku hiyo, hilo ndilo lililokuwa kweli.

"Na bado wanakuita hivyo," mnunuzi alisema. "Una bahati, mwenzangu. Wangu hakuna anayemtaja tena. Watu wanadhani wakimtaja nitaumia."

Mke wa Fundi akatamani ardhi ipasuke. Uongo wa kwenye karatasi alikuwa ameuzoea, ulikaa mbali, ulisafiri na mifuko. Huu sasa ulikuwa umemshika mkono, una vidole vya moto na macho yaliyolowa.

Mpiga picha akaomba ashone kidogo. Mke wa Fundi alishukuru kupata kazi. Akakaa kwenye kiti chake, akatandika kitambaa chini ya sindano, akanyoosha mkono wa kulia kushika mpini. Mbele yake kigoda cha Fundi kilikuwa kitupu. Akazungusha. Mshono ukaenda kombo. Akafumua, akaanza upya, mkono mmoja ukazungusha kwa pupa na mwingine ukachelewa kuongoza, na uzi ukakatika. Katibu akacheka na kueleza kwamba mama huyu anaogopa kamera, siku zote anashona kama maji. Mke wa Fundi akatunga uzi tena.

Hakuwahi kushona peke yake. Alijifunza kushona baada ya kiharusi, na alijifunza hivi, mume akiwa ng'ambo ya cherehani. Asubuhi ile, katika kuficha viatu na wembe na shati, hawakukumbuka, si yeye wala Fundi, kwamba wanaondoa na nusu ya fundi mwenyewe. Aliutazama mshono uliopinda, akakitazama kigoda, akasimama.

"Ningojeeni kidogo," alisema. "Nakwenda kumwita mwenzangu."

"Mama," Katibu alisema, "mama, hebu."

"Siwezi peke yangu."

Ng'ambo ya njia, Fundi alikuwa amekaa katikati ya viatu vya watu, akimsaidia mshona viatu kuchambua vilivyofanana. Akauliza kama wageni wameondoka. Mkewe akamwambia hawajaondoka, aje washone.

Fundi alikiweka chini kiatu alichokishika. "Umefikiria vidonge?"

"Nimefikiria."

Fundi akajiinua, akaweka mkono begani kwa mkewe, na wakavuka njia polepole, mguu ukiburuta, mbele ya mtaa wote.

"Huyu ndiye mume wangu," Mke wa Fundi aliwaambia wageni akiwa bado mlangoni. "Yeye anazungusha." Kisha akamgeukia mama wa duka. "Nisamehe, mama. Wewe hasa nisamehe."

Fundi alisalimia kwa adabu zake zote, akaketi kwenye kigoda, akashika mpini. Wakashona. Nyusi zilipanda, mwendo ukapungua. Kona ilifika, mkono ukasimama, kitambaa kikageuka, mkono ukaendelea. Mpiga picha alikuwa ameishusha kamera muda mrefu, hakupiga hata picha moja. Mnunuzi alitazama mpaka mfuko ukaisha. Alipokuwa akivaa viatu alimwinamia Mke wa Fundi sikioni.

"Mshike sana," alisema. Basi, akaenda.

Alasiri Katibu alirudi na mifuko yote iliyokuwa tayari kanisani, ndani ya gunia. Macho yalikuwa mekundu. Akaeleza akiwa amesimama, kiti alikikataa. Mama wa duka hakukasirika, tena aliisifu ile mishono njia nzima. Lakini fedha za mradi ni za wajane, vikaratasi vimechapwa vya wajane, na duka lina utaratibu wake. Ingekuwa uamuzi wake asingekuwa na neno. Mchungaji naye ameumia sana, ila na yeye ana walio juu yake. Kila aliyetajwa alikuwa na huruma, mpaka ungeshangaa huo utaratibu uliandikwa na nani. Mke wa Fundi alisikiliza huku akiupokea mzigo, akasema ameelewa.

Katibu alifika mlangoni, akageuka. Alitaka kuacha neno jema, na kwa moyo mweupe kabisa akalitoa.

"Jina lako sitalifuta, mama. Nafasi yako naiweka. Siku ikifika, usione haya, njoo moja kwa moja kwangu."

Katibu mwenyewe alisikia alichosema, akaziba mdomo kwa mkono.

"Asante, dada," Fundi alisema kutoka kwenye kigoda chake. "Ila mpe mwingine hiyo nafasi. Mimi sina haraka."

Mke wa Fundi akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, na machozi yakaja, na hakujisumbua kuyatenganisha na kicheko. Katibu alipoondoka, walikaa kitandani na kuanza kukata vikaratasi, yeye kwa mkasi, mumewe kwa meno. Bila vikaratasi mifuko ingeuzwa sokoni kwa bei ya mfuko tu, na sokoni mifuko ni mingi. Wote wawili walilijua hilo.

Jioni Mke wa Fundi alileta maji na kidonge. Fundi akakipeleka kidonge kwenye meno ya pembeni, kama kawaida yake. Mkewe akamshika kifundo cha mkono.

"Usikate. Meza kizima."

"Na kesho?"

Mkewe alingoja mpaka ameze, akapokea bilauri. Kisha akavuta kiti chake karibu na cherehani, akatandika kitambaa, akashusha sindano.

"Zungusha," alisema.