Antiki Si ya Mtu

Mambo yaliharibika Alhamisi, tarehe kumi na tisa ya mwezi wa nane, asubuhi, chai ya wagonjwa ikiwa bado haijapita. Kabla ya hapo kulikuwa na ugonjwa tu, na ugonjwa ni wa Mungu. Kilichoingia Alhamisi kilikuwa cha wakubwa.

Fundi Msasa alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda cha mkewe, anamshikia mpira wa hewa usimtoke puani. Watu walimwita Msasa kwa mambo mawili: kazi yake ilikuwa kufufua viti vya zamani, na ulimi wake ulikwaruza. Aliyeweza kuulainisha ni mkewe peke yake. "Wewe nawe," angemwambia, "hata salamu unaipiga randa." Siku hiyo mama wa watu hakuwa na pumzi ya utani. Mashine ya hewa ilinguruma kando yake, naye anavuta hewa kidogo kidogo kama anayeonja mchuzi wa moto.

Akaingia daktari bingwa, na nyuma yake madaktari wanafunzi wawili. Wakasimama miguuni mwa kitanda. Bingwa akamwaga Kiingereza kirefu, kinachoteleza. Msasa aliishia darasa la tatu, na Kiingereza hakikumngojea. Lakini katika yote yale akadaka neno moja, kama mtu anavyodaka nzi: oldi. Veri oldi. Kisha bingwa akanyamaza, akamtazama yeye mume.

Basi Msasa akafurahi. Usimcheke. Kwao kumwita mtu mzee ni kumvika kilemba. Mzee hupishwa kiti, huamkiwa kwanza, na maneno yake husikilizwa hata yakiwa ya upuuzi. Na Kiingereza kidogo alichokuwa nacho alikiokota karakanani, kwa wateja wenye nyumba kubwa. Wao wakileta kiti cha babu yao, miguu inacheza, mchwa wamekula nusu, humwambia, "Taratibu fundi, hii antiki." Antiki haipigwi msumari. Antiki haianikwi juani. Antiki hushughulikiwa kwanza, makochi mapya yangoje.

Akaona hapo ndipo pa kumpenyezea mkewe neno jema. Akainuka, akatabasamu, akasema kwa sauti: "Ndiyo, daktari! Antiki huyo!"

Wanafunzi wakaangua kicheko. Bingwa mwenyewe akacheka, akamgusa bega. Msasa naye akacheka, maana kicheko cha wakubwa ni kama foleni: ukikuta watu wamepanga, nawe unapanga. Wakahamia kitanda cha pili.

Mchana akaja muuguzi na wabebaji. Mashine ikachomolewa, mkewe akasukumwa hadi korido, akapewa mtungi mdogo wa hewa. "Amri ya juu," muuguzi alisema bila kumtazama usoni. Jumamosi alfajiri mkewe akafariki, Msasa akawa mgane, neno ambalo hata yeye ilibidi aulize kama lipo. Mjane kila mtu anamjua. Mgane ni nani?

Msiba ukaisha, yakabaki maneno. Msasa aliwalaumu wote: mkuu wa hospitali, waziri, aliyenunua magari mengi na mashine chache, hata aliyechagua rangi ya ile korido. "Mke wangu hakuzeeka," alisema. "Alizeeshwa. Wamemuua kwa neno."

Binti yake, mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, alikuja Jumapili moja kumfulia, akamkuta anabishana na redio.

"Baba, neno haliui mtu."

"Oldi maana yake nini?"

"Si unaijua?"

"Nataka ile ya shuleni."

Binti akakamua shati. "'Old' ni ya kila kitu. Mtu, kiatu, mkate wa juzi. Haina heshima, haina tusi, inategemea mdomo. 'Elderly' ni ya watu tu, nayo ina adabu."

"Adabu gani?"

"Ile ya kumsindikiza mgeni mpaka mlangoni."

"Yaani aende."

"Baba! Haya. 'Ancient' ni ya kale na kale, magofu. Au wanafunzi wangu wakinisema mimi. 'Obsolete' ni ya kitu ambacho huenda ni kizima kabisa, ila wakati wake umepita. Kama hiyo redio yako."

"Redio yangu inaongea!"

"Ndiyo nilivyosema. Kizima kabisa."

"Na antiki?"

"Hiyo ni ya vitu. Uzee unavipandisha hadhi."

"Na mtu je?"

"Antiki si ya mtu, baba. Ukimwita mtu hivyo unamcheka. Ni kama kumwambia nafasi yake iko stoo. Nani kakuita hivyo?"

Yale ya miguuni mwa kitanda Msasa hakuwahi kumsimulia mtu. Akazima redio, akakaa akitazama mapovu yakipasuka kwenye beseni.

"Wenye lugha hiyo watu wabaya," alisema mwishowe. "Kila uzee wameutengenezea kabati lake."

"Na sisi je? Mzee na kizee vimetenganishwa na nini? Bibi mzaa mama ulikuwa ukimwitaje alipokawia kuondoka hapa?"

Msasa akajitia kuchezea kitufe cha redio.

"Kizee, baba. Ukamtoa kwa watu, ukamweka pamoja na viti."

"Lakini alikuwa kizee kweli," Msasa akanung'unika, na binti akacheka bila kupenda.

Tangu siku hiyo kidonda kikahama mahali. Zamani alitaka kujua bingwa alisema nini. Sasa alitaka kujua yeye mwenyewe alisikika amesema nini. Bingwa alipocheka, je, alimsikia mume anayetania, au mume anayekubali? Kwa nini alinyamaza kwanza, akamtazama? Akawa anapiga msasa kiti mpaka anatoboa ngozi ya mbao.

Akaenda hospitali. Pale mapokezi dada mmoja akamuuliza, "Una miadi?"

"Nina swali."

"Swali bila miadi halipokelewi, mzee."

Akarudi tena, na tena. Daktari yuko kwenye kikao. Daktari yuko safarini. Daktari ndiyo kwanza ametoka. Ndipo akasikia kwamba viti vya chumba cha vikao cha hospitali hiyohiyo vimelegea na anatafutwa fundi. Alikuwa ameapa hatagusa mbao ya pale. Akaitema yamini yake, akabeba sanduku la vifaa. Mgonjwa huzuiwa, mwenye malalamiko huzuiwa, lakini mtu aliyeshika nyundo hupitishwa hadi ndani.

Alikuwa amepiga magoti kando ya meza ndefu, anabana mguu wa kiti aliokwisha kuupaka gundi, mlango ulipofunguliwa. Bingwa peke yake, anatafuta simu aliyoisahau.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hicho usikikalie, gundi bado mbichi."

Bingwa akaiokota simu mezani, akaketi kwenye kingine, akajisugua macho. Kwa karibu alikuwa mdogo kuliko Msasa alivyomkumbuka, na kola ya shati lake ilikuwa imefumuka.

"Unanikumbuka?"

"Wagonjwa ni wengi, mzee wangu."

"Mimi si mgonjwa. Mimi ndiye niliyesema antiki."

Bingwa aliachia simu mezani. "Kitanda cha dirishani," akasema polepole. "Nakumbuka. Tulicheka."

"Mlimcheka?"

"Hapana. Ulitupa kicheko. Wiki ile hatukuwa nacho."

"Na mashine ikaenda wapi?"

"Kwa mama mmoja aliyejifungua, hewa ikamwishia. Ilikuwa moja tu, mzee. Niliomba nyingine, nikajibiwa na kikao. Humu humu."

"Akapona?"

"Alipona. Na mtoto."

Msasa alikuwa amekuja na matusi aliyoyanoa miezi mingi. Sasa mawazoni mwake alisimama mwanamke asiyemjua, anapumua, amempakata mtoto, na matusi hayakupata pa kupita. Wale wa kikao aliweza kuwalaani, na aliwalaani papo hapo, wote, pamoja na viti vyao, bingwa hakumzuia. Lakini hilo silo lililomleta.

"Daktari, siulizi mashine," alisema. Mikono yake ilikuwa bado imebana kiungo, hakuweza kuiachia wala kuinuka. "Ulisema oldi, kisha ukanyamaza. Ukanitazama. Ulikuwa unangoja kitu kwangu."

Huko nje mtu alikuwa anamwita bingwa, naye hakuinuka.

"Ulingoja, nami nikakupa antiki. Kwenye kazi yangu maana yake ni mtunze, mtangulize. Kwenu sijui mlisikia nini. Sasa niambie. Siku ile ningekataa, ningesema huyu si oldi, huyu bado nina safari naye, ningeking'ang'ania kile kitanda kwa meno, ungemwachia mashine?"