Vikuku vya Gaspari

Siku homa ilipomchukua Gaspari, mkewe Katarina aliyavua matandiko ya punda, akayatundika ukutani. Hakuna aliyeyagusa mpaka matanga yalipoanuliwa.

Marehemu alikuwa akienda Fukayosi kila wiki kuwafundisha watoto kusoma. Sasa kazi ilimwangukia mdogo wake, Ferdinandi, ambaye alivunjika mguu zamani na hawezi kutembea mwendo mrefu. Akishindwa kumpanda punda, wale watoto hawana mwalimu.

Tatizo ni kwamba Gaspari alikuwa mfupi. Ferdinandi alipotia miguu kwenye vikuku, vile vitanzi vya kukanyagia vilivyofungwa kwa mafundo kwenye matandiko, magoti yalimfika kifuani.

“Shemeji, umekaa kama panzi!” Katarina alisema, akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba.

“Cheka tu, shemeji yangu. Mguu huu haukubali kukunjwa hivi hadi Fukayosi. Acha nifungue mafundo, niviteremshe vikuku.”

Kicheko kikakatika. “Mafundo hayo usiyaguse. Aliyafunga mwenyewe.”

Ferdinandi akashuka, akayapapasa taratibu. “Basi tusiyafungue. Tupitishe ukanda ndani ya vikuku hivi, tufanye vingine chini yake.”

Katarina aliingia ndani, akatoka na kipande cha ngozi ya ng’ombe na kisu. Alikata kanda mbili, akazifunga yeye, moja kila upande, akazivuta kwa nguvu kuzijaribu.

“Haya, panda.”

Safari hii miguu ilinyooka vizuri.

Siku hizi Ferdinandi huondoka Bagamoyo kila Jumatatu asubuhi, na watoto wa Fukayosi wanasoma.