Ini Langu na Vyuma vya Mgongoni

Kong! Kong! Kong! Mashine ya sumaku ya kupiga picha za ndani ya mwili ilinipigia kelele masikioni, nami nimefumba macho. Baadaye daktari alisema ini langu lina mafuta mengi, kwa hivyo siwezi kumpa kipande dada yangu Chepkurui, ambaye ini lake limeharibika.

Mjomba Gibson alicheka kwa dharau. "Mafuta? Mchuma chai wa Mogogosiek, mwembamba hivi? Umeongea na daktari kisiri aseme hivyo. Umeogopa kisu."

"Mjomba, jandoni nilipepesa jicho? Mwoga ni nani?"

Hata mimi sikukiamini kipimo kile. Nilimvuta Mjomba hadi kwa Lenah, mpiga picha wa mashine ile, nikamwambia atuonyeshe picha. Akaelekeza kidole kwenye weusi kando ya ini: kivuli cha vyuma nilivyofungwa mgongoni nilipoanguka kutoka kwenye lori la majani chai.

"Chuma huvuruga sumaku," alisema. "Walipima karibu nacho, kwa hivyo hiyo namba ya mafuta inaweza kudanganya. Wapime tena mbali nacho, kisha wachukue kinyama kidogo kwa sindano."

"Sindano ndefu?" Mjomba aliuliza, akinikazia macho.

Nilirudi kwenye benchi alipoketi Chepkurui, macho yake ya manjano, nikamshika mkono.

"Dada, leo nalala chini ya sindano hiyo. Ini likiwa safi, kipande ni chako, na Mjomba atanipeleka kwa kisu yeye mwenyewe."