Mikeka ya Wageni

Wageni wa kanisa kutoka Australia walirudi kufundisha watoto nyimbo na kupaka shule rangi, kama mwaka jana. Sakiusa, mhudumu wa shule, aliwatazama kwa jicho la pembeni. Mkewe alikufa kwa kifua, na sasa binti yao, Losalini, alikuwa anakohoa kwa kushinda darasani chini ya paa linalovuja.

"Mwalimu Mkuu, mbona hamwaambii wageni habari ya paa?"

"Usituaibishe, mzee. Wewe tandika mikeka yao darasani, kule mlangoni."

Mlangoni ndipo palipokuwa pakavu. Kumbe ndiyo maana mwaka jana hawakuona kitu! Sakiusa akaitandika kwenye kona anapoketi Losalini.

Bakuli la yaqona, kinywaji cha mizizi cha kukaribishia wageni, lilipoanza kuzunguka, kwa desturi hakuna mgeni aliyeruhusiwa kuinuka. Mvua ikashuka, na tone la kwanza likamwangukia kiongozi wao utosini.

"Baraka hizo, mama!" Mwalimu Mkuu akacheka.

Losalini, bila kutumwa, akaleta ndoo na kuiweka mbele ya magoti ya mgeni, mahali alipozoea kuiweka. Mama yule akatazama ndoo, kisha juu.

"Huwa inakaa hapa?"

Mwalimu Mkuu akakohoa.

"Muulize mwenye ndoo," akasema Sakiusa.